Bati Kwanza, Msingi Baadaye

Ukipita Newala au Tandahimba, mkoani Mtwara, mwezi wa kwanza, huna haja ya kumuuliza mtu korosho ilikwendaje. Tazama mapaa. Mwaka ambao bei ilisimama vizuri mnadani, mabati mapya yanang'aa hadi yanaumiza macho, mengine yamekaa juu ya kuta za miti na udongo ambazo zimeshaanza kuinama. Mwaka mbaya, kila kitu kina rangi ya kutu na nyasi kuukuu, na viwanjani unaona maboma ambayo hayajapauliwa, majani yameota sebuleni.

Wageni huwa wanacheka hapo. Nimewasikia ndani ya gari, watu wa kutoka mjini: hawa nao bwana, nyumba ya udongo, juu bati geji 28! Si wangeanza na ukuta? Mimi nimezaliwa juu ya uwanda wa Makonde na kauli hiyo inanikera, kwa sababu anayeitoa hajawahi kununua maji kwa ndoo. Uwanda ule uko juu, ardhi yake ni kichanga chekundu kinachomeza mvua yote, na chemchemi ziko chini mabondeni, kwenda ni kushuka na kurudi ni kupanda na ndoo kichwani. Watu walipata jibu lao zamani: unachimba kisima cha kuhifadhia maji pembeni ya nyumba, unakisakafia kwa saruji, unakinga maji ya paa. Paa la nyasi ukilikinga linakupa maji ya rangi ya chai. Paa la bati linakupa maji ya kunywa. Kwa hiyo mama aliyeweka bati juu ya ukuta wa udongo amejenga kwanza kile kitakachompunguzia safari za bondeni, na papo hapo ameachana na kazi ya kutafuta nyasi kila baada ya misimu michache, nyasi ambazo siku hizi nazo zinauzwa. Ukuta ukibomoka unakandikwa upya kwa udongo wa bure na mikono ya majirani. Bati hulikandiki.

Nimeanza na bati kwa makusudi. Mipango mingi ya kuwajengea watu wa vijijini huanza kwa kudhani kwamba familia maskini haijui ianzie wapi. Inajua. Ina mpangilio wake wa kujenga, na mpangilio huo una akili kuliko michoro mingi niliyowahi kuiona. Lakini una mapengo, na mapengo yenyewe yako mahali pale pale karibu kila nyumba. Ninachoamini, baada ya kukaa na jambo hili kwa muda, ni kwamba mwenye fedha kidogo na nia ya kusaidia alipie yale mapengo, na nyumba nzima amwachie mwenye nyumba.

Mimi si mhandisi wala fundi. Nilisomea uhasibu, nikaombwa kushika vitabu vya mradi mdogo wa nyumba, unaochangiwa na watu wenye asili ya huko wanaoishi Dar es Salaam na Mtwara mjini. Mchoro wa kwanza ulichorwa mjini: vyumba vitatu, bloku za saruji, bati la rangi, madirisha ya alumini. Nyumba nzuri, ningeikaa mimi mwenyewe. Nilipogawanya fedha iliyokuwepo kwa bei ya nyumba moja, zilitoka nyumba za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, katika kijiji chenye mamia ya kaya. Mchoro ukapelekwa mkutano wa kijiji. Watu wakausifu, kama heshima inavyotaka. Kisha bibi mmoja aliyekaa mbele kwenye mkeka akasema, "Wajukuu zangu, ahsanteni. Hiyo nyumba anapewa nani, na jirani yake atamtazama vipi?" Mwenyekiti akaanza kueleza habari ya vigezo. Bibi akamwacha amalize, akaongeza: "Mimi bati ninalo. Nisaidieni huko chini."

Tulipozunguka na mafundi tukaona anachokisema. Nyumba ya miti na fito haifi kutoka juu, inakufa kutoka chini. Nguzo imechimbiwa moja kwa moja ardhini, mchwa wanaipata, unyevunyevu unamaliza kilichobaki. Upenu ni mfupi kwa sababu bati ni ghali na kila mtu anataka bati lifunike chumba, si hewa. Matokeo yake maji ya paa yanaanguka karibu na ukuta, matone yanaruka, yanakula udongo kwa kimo cha magoti. Mvua za misimu michache zikipita, unakuta nguzo imening'inia kwenye paa badala ya kulibeba. Nimeziona nyumba za namna hiyo na nikajiuliza nani anamshika nani.

Dawa yake haina ufundi wa ajabu. Inua msingi futi 1 au zaidi juu ya usawa wa ardhi. Kwenye uwanda mawe ni ya kutafuta kwa taa, kwa hiyo msingi unajengwa kwa matofali ya udongo yaliyotiwa saruji nyingi kuliko yale ya ukutani. Juu ya msingi tandika karatasi nzito ya nailoni ili unyevu usipande. Vuta upenu utoke futi 2. Elekeza maji kisimani, na ya ziada yapate mfereji. Fundi yeyote wa huko anayajua haya. Hayafanyi kwa sababu hakuna anayemlipa ayafanye: msingi ukishafukiwa hauonekani, na mtu aliyeuza magunia yake ya korosho anataka kitu ambacho shemeji akija ataona.

Lenta, ule mkanda wa zege unaozunguka juu ya kuta, nayo ni hivyo hivyo. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliitikisa Kagera, watu wakafa, maelfu ya nyumba zikabomoka au kupasuka. Ukitazama picha za Bukoba na vijiji vyake za siku zile, nyumba baada ya nyumba imefunguka pembeni, ukuta mmoja umeanguka nje na mwingine umebaki. Ni matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo, bila mkanda wa zege wa kuzifunga kuta nne ziwe kitu kimoja. Kwetu kusini kinachotisha zaidi ni upepo. Wazee wa Lindi wanasimulia kimbunga cha Aprili 1952. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kiliingia Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo tu ya mto Ruvuma, na siku ile watu wa Mtwara walikuwa wanahamishwa kwenda sehemu za juu. Mei 2024 Hidaya akaja upande wa Mafia. Na hata bila kimbunga chenye jina, kila mwaka unasikia redioni kwamba mvua ya upepo imeezua mapaa ya nyumba kadhaa na ya shule. Paa linaezuliwa kwa sababu mbao zimekaa juu ya ukuta kwa uzito wao tu, au kwa msumari mmoja uliopigwa kwenye udongo. Waya uliolazwa ndani ya lenta kabla zege halijashika, ukatokeza juu na kufungwa kwenye mbao, bei yake ni ya soda mbili tatu.

Lenta yenyewe ndiyo yenye gharama. Nyumba ya mita 6 kwa 8 yenye kuta za katikati ina karibu mita 42 za ukuta. Ukilaza nondo 4 za milimita 12, unahitaji nondo 14 za mita 12, ringi zake, na kama mifuko 8 ya saruji. Paa la nyumba hiyo hiyo linakula mabati 35 hadi 40. Weka tarakimu hizo mbele ya familia inayopata fedha mara moja kwa mwaka, uwaulize wachague. Watachagua bati, na mimi ningechagua bati. Ndiyo maana nasema lenta ilipiwe na mradi.

Sakafu nataka niikalie kidogo, kwa sababu ndiyo sehemu ya nyumba inayodharauliwa kuliko zote na ndiyo yenye ushahidi mzito kuliko zote. Mwaka 2000 jimbo la Coahuila, kaskazini mwa Meksiko, lilianza mpango ulioitwa Piso Firme. Serikali haikumjengea mtu nyumba. Ilipeleka zege, mwenye nyumba akatoa vyombo nje na kuandaa vyumba, sakafu ya udongo ikafunikwa. Gharama ilikuwa kama dola 150 kwa kaya. Watafiti wakaja kulinganisha familia za mji wa Torreón na zile za miji iliyopakana nao upande wa jimbo la Durango, ambako mpango haukuwepo: watu wale wale, hali ya hewa ile ile, umaskini ule ule. Kwa nyumba iliyobadilishwa sakafu yote, maambukizi ya vimelea vya tumboni kwa watoto wadogo yalipungua kwa asilimia 78, kuharisha kwa asilimia 49, upungufu wa damu kwa asilimia 81. Watoto wakafanya vizuri zaidi kwenye majaribio ya lugha na akili. Na mama zao walionyesha dalili chache za msongo na huzuni, jambo ambalo halimshangazi mwanamke yeyote aliyewahi kufagia vumbi ambalo haliishi.

Ile ilikuwa miji, sawa. Lakini minyoo haisomi ramani. Mtoto anayetambaa juu ya udongo ambao kuku wamepita, mbuzi amelala na maji ya vyombo yamemwagika, anaokota na kula kila kitu. Funza nao wanapenda vumbi la sakafu kavu. Ukienda nyumba zenye wazee peke yao utaviona vidole vya miguu.

Chumba cha mita 3 kwa 3 kinataka mifuko 2 ya saruji kwa zege la sentimita 5, na mmoja wa kumalizia na kupiga niru. Mifuko 3! Kwanza unatoa udongo laini, unashindilia kwa maji kidogo hadi kisigino kisiache alama, unatandaza vipande vya matofali yaliyovunjika kama kokoto hazipatikani. Kazi ya kushindilia inafanywa na familia yenyewe na vijana wa jirani. Mwenye vyumba vitatu akianza na kimoja, anaanza na kile wanacholala watoto. Hapo palikuwa na ubishi mkubwa, kwa sababu wanaume wengi walitaka sebule kwanza, mahali wageni wanapofikia. Wanawake walishinda ubishi huo kwa njia rahisi: wao ndio waliokuwa wakisomba maji ya kuchanganyia zege, na waliyamimina chumbani kwa watoto.

Halafu kuna mwanya ule wa juu, kati ya ukuta na bati. Mbu waenezao malaria hupenda kupitia hapo usiku, wakifuata harufu ya watu waliolala. Kila afisa afya anakuambia uzibe. Lakini ukiuziba, nyumba ya bati isiyo na dari inakuwa tanuri, na mtu anayeoga jasho usiku hatalala ndani ya chandarua, atatoa mkeka nje. Nimefurahi kuona kwamba watu wenye elimu kubwa walilishughulikia jambo hili kwa uzito wake. Kijijini Magoda, wilaya ya Muheza, Tanga, wasanifu na watafiti wa malaria walijenga nyumba chache za majaribio zenye kuta nyepesi zinazopitisha hewa, za mianzi, mbao na wavu, nyingine zikiwa za ghorofa na vyumba vya kulala juu. Mbu walionaswa ndani ya zile za ghorofa walipungua kwa zaidi ya asilimia 90 ukilinganisha na nyumba za kawaida za kijijini, na ndani palikuwa na ubaridi zaidi. Kutoka hapo ukazaliwa mradi wa Star Homes mkoani kwetu Mtwara: nyumba 110 za ghorofa, zikagawiwa kwa bahati nasibu kwa familia za vijiji vingi, zikakabidhiwa mwaka 2021, na afya za watoto zikafuatiliwa kwa miaka.

Nimewahi kuzitazama nyumba hizo kwa nje na nina maoni mawili yanayopingana. Ni kazi ya maana, na kufanya bahati nasibu hadharani kulikuwa haki kuliko kamati yoyote niliyoijua. Lakini fremu ya chuma ya kiwandani si kitu ambacho jirani aliyekosa bahati anaweza kukiiga kwa fedha ya korosho. Anachoweza kuiga ni mawazo yaliyomo ndani yake: wavu badala ya udongo kwenye mwanya wa juu, wavu kwenye madirisha mawili yanayotazamana ili hewa ipite, mlango unaojifunga wenyewe kwa kamba ya mpira, moshi wa jikoni upate njia ya kutokea. Wavu wa mbu unauzwa kwa mita hata kwenye magenge ya Newala mjini. Mafundi wetu sasa wanaupiga kwa vibao vyembamba vya mbao kuanzia juu ya ukuta hadi chini ya bati, kazi ya nusu siku kwa chumba.

Kuhusu matofali nitapita haraka, kwa kuwa ni mada ya watu wenye shauku na mimi naiona ya pili. Matofali ya kuchoma yanakula kuni, na tanuru la kijijini mara nyingi halipati moto sawasawa, ya katikati yanaiva, ya pembeni yanabaki kama keki. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, ambao mizizi yake ni kitengo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1971, wamekuwa wakihimiza matofali ya kufungamana: udongo na saruji kidogo, vinagandamizwa kwa mashine ya mkono, hayachomwi, na ukutani yanashikana yenyewe bila chokaa nyingi katikati. Ni mazuri. Kichanga chetu chekundu kinayakubali. Shida ni mbili. Yanataka kumwagiliwa na kufunikwa kwa wiki nzima yakomae, na nimeshaeleza habari ya maji. Ya pili ni kumlipa kijana kwa idadi ya matofali: ukilipa hivyo, saruji inapungua kwenye ndoo kila jioni inapokaribia. Lipa kwa siku.

Sasa nije kwenye kazi yangu, yaani fedha, kwa sababu hapa ndipo nilipoelewa kwa nini bati hutangulia.

Tazama kalenda. Mikorosho inapuliziwa salfa kuanzia katikati ya mwaka. Mavuno yanaanza Septemba na Oktoba. Korosho inapelekwa chama cha msingi, AMCOS, inakaa ghalani, inauzwa mnadani kwa mfumo wa stakabadhi ghalani ambao Mtwara umekuwepo tangu 2007, na fedha inaingia Novemba, Desemba, wakati mwingine Januari. Mvua nazo zinaanza Desemba. Yaani fedha na mvua vinafika mlango mmoja kwa wakati mmoja. Huwezi kujenga ukuta wa udongo Januari. Huwezi kununua saruji ukaiweka, maana mfuko uliokaa chumbani kwenye unyevu hadi Mei unatoka jiwe. Fedha taslimu nayo haikai: kuna mahitaji ya shule mwezi huo huo, kuna unyago, kuna msiba, kuna ndugu waliosikia kwamba umelipwa. Kitu pekee cha ujenzi kinachoweza kukaa miezi sita bila kuharibika, kuibiwa kwa urahisi wala kuombwa na shemeji ni bati. Unalipigilia juu ya nyumba uliyonayo, limehifadhika, na maji yanaingia kisimani tangu mvua ya kwanza. Anayelicheka haoni kwamba lile ndilo benki.

Benki zenyewe hazikuwahi kufika huko kwa kazi hiyo. Nchi hii iliwahi kuwa na Benki ya Nyumba, ikafungwa 1995. Mkopo wa nyumba wa leo unataka hati na mshahara wa kila mwezi, na mkulima wa korosho hana mshahara wa kila mwezi, ana wa kila mwaka. VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, vinasaidia, lakini riba ya mwezi na marejesho ya kila wiki vimetengenezwa kwa mama muuza maandazi, siyo kwa mwenye mikorosho.

Tulichokifanya kilitoka kwenye kitu ambacho kila mtu kijijini anakijua tayari. Mwanakijiji anapopeleka korosho ghalani anapewa karatasi, na karatasi ndiyo mali yake hadi siku ya malipo. Tukaigeuza. Desemba, akilipwa, analipa saruji na nondo kwa bei ya siku ile, anapewa karatasi yenye muhuri wa mradi na sahihi ya mwenyekiti wa kijiji. Juni, mvua zimekwisha, visima vimejaa, mikono ina nafasi kabla ya mavuno, anakuja na karatasi anachukua vifaa kutoka kwa muuza duka tuliyeingia naye mkataba. Bei ikipanda kati ya Desemba na Juni, tofauti inabebwa na mradi. Mtwara ina kiwanda kikubwa cha saruji tangu 2015, kwa hiyo bei haiyumbi kama zamani, ila usafiri wa kupandisha uwandani unayumba. Kwa kila mifuko anayolipia mwenyewe, mradi unaongeza ya msingi au lenta. Ya sakafu ya sebule ni juu yake.

Kuna mtu aliniambia hiki tunachokifanya ni nusu nyumba. Sikatai. Mwaka 2003 kule Iquique, kaskazini mwa Chile, kundi la wasanifu lililoongozwa na Alejandro Aravena lilipewa ruzuku ya dola 7,500 hivi kwa familia, fedha isiyotosha nyumba kamili, kwa karibu familia 100 zilizokuwa zimejibana kwenye kiwanja kimoja mjini. Wakajenga nusu, ile nusu ambayo familia isingeiweza peke yake: muundo, ngazi, bafu, jiko, paa. Nafasi ya nusu nyingine ikaachwa wazi, watu wakaijaza wenyewe kwa miaka iliyofuata. Ule ulikuwa mji na wetu ni kijiji, lakini swali ni moja: nusu ipi ni ngumu? Kwao ilikuwa ngazi na bafu. Kwetu ni msingi na lenta. Mtu asije na nusu ya Chile akaipanda Tandahimba.

Jambo jingine ambalo fomu za mradi hazilijui ni nani mwenye kiwanja. Fomu ina mstari umeandikwa "mkuu wa kaya", na kwa mazoea linaandikwa jina la mume. Kwetu Wamakonde, kama Wayao, Wamakua na Wamwera, ukoo unafuata upande wa mama, na zamani mwanamume ndiye aliyehamia kwa wakweze. Kiwanja kingi kimetoka kwa ukoo wa mke, na mjomba ana neno. Ukimwandika mume peke yake, ukajenga lenta ya zege juu ya ardhi ya wajomba wa mke, umepanda kesi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaruhusu hatimiliki ya kimila kuwa na majina ya mume na mke kwa pamoja, na tumejifunza kumwita mjomba aje akae kwenye kiti siku ya kupima msingi, anywe chai, atie sahihi kama shahidi. Mafundi huona tunapoteza asubuhi nzima. Asubuhi moja si kitu.

Utaratibu wote huu una kasoro moja iliyo wazi: unamtaka mtu awe na mikorosho. Yule bibi wa mkutanoni anayo michache, ameikodisha kwa kijana, anapata cha kununulia sabuni. Wapo wasio na hata mmoja. Wengine ni walengwa wa TASAF, mfuko wa serikali unaotoa ruzuku kwa kaya maskini, na bati walilonalo walilinunua kwa ruzuku ile wakilimbikiza kidogo kidogo. Hawa huwezi kuwaambia walipe saruji Desemba. Kwa hao hakuna kujenga kwa hatua, wanahitaji chumba kimoja au viwili vilivyokamilika kuanzia msingi hadi wavu, sasa hivi, wakiwa hai.

Mkutano wa kijiji ulikaa juu ya hilo hadi jua likaanza kuchoma wazee wakahamia chini ya mwembe. Wakakubaliana kwamba kila kaya iliyopata lenta kutoka mradi itatoa nguvukazi ya msaragambo kwenye nyumba ya mzee mmoja, na mafundi watalipwa nusu. Mafundi walinung'unika, na wana haki, nimewaandikia nyongeza. Ubishi mkubwa ukawa mwingine: bibi akifariki, nyumba ya nani? Kila mtu alikuwa na mfano wa mjukuu asiyeonekana miaka yote akatokea siku ya arobaini na mkoba. Mwisho katibu akaandika kwenye muhtasari kwamba nyumba ni ya mzee hadi mwisho wa uhai wake, kisha inabaki kwa yule aliyekuwa akimtekea maji, na jina lake litajwe na mzee mwenyewe mbele ya mwenyekiti na mjomba.

Nyumba ya yule bibi imemwagwa lenta Juni iliyopita. Alisimama pembeni akihesabu ndoo, akadai moja haikujaa. Saruji yake ilitoka kwenye ziada ya karatasi za watu waliolipia zaidi wakasamehe, na kwenye vitabu vyangu hakuna safu ya kitu kama hicho. Nimeiandika chini ya "matengenezo". Mkaguzi akiuliza nitamweleza.